Kishikwambi cha Alhamisi

Kishikwambi cha usharika wetu kina kazi nyingi, lakini iliyo kubwa ni ya Alhamisi. Siku hiyo hutiwa katika mfuko wa kitambaa na kupelekwa kwa bibi mmoja wa miaka 80 na kitu, ambaye macho yake hayaoni tena. Ndani yake imo Biblia iliyosomwa kwa sauti, na zimo nyimbo za kwaya ya zamani ambamo marehemu mume wake aliimba besi. Nyimbo hizo hazipatikani mahali pengine.

Jumatatu moja kiligoma kuchaji. Kioo kilibaki cheusi. Sisi wa ofisi ya usharika, yaani mchungaji, mwinjilisti na mtunza hazina, tulikizunguka kama watu wanaomtazama mgonjwa. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amepita kusalimia akasema huyo ni adui, anapiga vita huduma, tukiombee.

Tuliomba. Hatuoni haya kumweleza Mungu habari za chaja. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku anaingiza humo nyumba, shamba, mifugo, hali nzuri ya hewa, hata majirani wema. Waya nao ungepata nafasi. Lakini kumpa Shetani sifa ya kazi ambayo huenda imefanywa na vumbi, hilo tulilikataa. Wapendwa, tumewazika watu waliokuwa na kifafa, walioambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Mazoea ya kuruka uchunguzi huanzia kwenye vitu vidogo.

Basi tukachunguza, kuanzia nje kwenda ndani. Tulichomeka taa kwenye soketi ileile, ikawaka. Tukabadilisha waya, maana waya wa chaja huweza kukatika ndani, karibu na shingo, huku nje ukionekana mzima. Bado. Tukasoma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja: volti 5, ampea 2. Hicho kinatosha, vile vidogo vya simu za zamani kwa betri kubwa namna hii ni sawa na kujaza pipa kwa kijiko. Tukapapasa mgongo wa kishikwambi. Ungekuwa umevimba tungeishia hapo na kukipeleka kwa fundi bila kukichomeka tena, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba huweza kushika moto. Ulikuwa bapa.

Mwinjilisti ndiye aliyeona kwamba waya unachezacheza, hauingii hadi mwisho. Akamulika tochi ndani ya tundu. Vumbi na nyuzi za ule mfuko zilikuwa zimeshindiliwa humo kama pamba ya mto. Akakichomoa, akahakikisha kimezimwa, akazitoa polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Mtunza hazina alileta sindano, tukamrudishia; chuma hukwaruza pini za ndani.

Safari hii waya uliingia hadi ukalia. Kioo kikabaki cheusi vilevile, na mtunza hazina akaanza kuuliza bei ya kipya. Lakini betri iliyokauka kabisa huweza kupokea umeme kwa nusu saa au zaidi bila kuonyesha dalili yoyote. Tukakiacha mezani tukaendelea na vitabu vya sadaka.

Kusubiri huko kulituuma, kwa maana katikati ya hesabu mazungumzo yalimwangukia mtu. Yuko kijana tuliyembariki kipaimara miaka kadhaa iliyopita, haji tena ibadani. Tumekwenda kwake mara tatu. Anatukaribisha chai, anauliza habari za nyumbani, na tukigusa mambo ya kanisa ananyamaza. Imekwisha kusemwa katika baraza la wazee kwamba imani yake imekufa, tusipoteze nauli. Mwinjilisti alitazama kile kioo cheusi, hakusema neno. Tulipanga kwenda mara ya nne, Jumamosi, na safari hii tuende kumsaidia kuvuna mahindi.

Alama ya betri ilijitokeza baada ya dakika 40 hivi: asilimia 1.

Alhamisi tulikuwa kwa bibi. Tulianza kumsimulia habari za tundu na kijiti, akatusikiliza kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Wanangu, hebu nyamazeni kwanza, huyo anayeanza ni yeye."