Kabla ya Kutuma Tena

Wengi wanaoanza kuandika programu za blokucheni huogopa ujumbe wa hitilafu. Mimi huogopa kimya. Aliyekujibu hapana amekusikia, na mara nyingi ameonyesha mahali alipokukatalia. Asiyejibu hujui kama ombi lako lilipotea njiani au limeshatekelezwa.

Chukua Ethereum, mtandao ulioanza kazi Julai 2015. Programu huzungumza na nodi zake, yaani kompyuta zinazouendesha, kwa itifaki ya JSON-RPC, na misimbo ya hitilafu ina utaratibu wake. Ukiona -32700, nodi imeshindwa hata kusoma ulichoandika. Ukiona -32602, imesoma, ila vigezo ulivyotoa havikubaliki: labda anwani imepungukiwa herufi, au kiasi umekiandika kwa tarakimu za kawaida wakati kinatakiwa kwa heksadesimali. Hapo hata ukituma mpaka kesho, jibu ni lilelile. Rekebisha kwanza. Lakini 429, msimbo wa HTTP, ni habari nyingine kabisa: ombi lako halina ubaya, umeomba mno kwa muda mfupi. Dawa yake ni kusubiri, na ukikataliwa tena, kusubiri zaidi.

Kazi iko kwenye -32000. Namba hiyo moja hubebeshwa mambo mengi: salio halitoshi, namba ya mfuatano ya muamala imeshatumika, au muamala huu tayari tunao. Anayesoma namba akaacha maneno yanayoifuata hataelewa kitu. Na hilo la mwisho, pamoja na kuvaa sura ya hitilafu, ni habari njema.

Jioni moja kijana tunayefanya naye kazi alikuwa akimlipa mtu. Skrini ikaleta 504. "Kaka, imekataa. Naandaa nyingine."

"Nani amekataa?"

Akaisoma upya. Hakuna aliyekataa, seva ya katikati ilichoka kungoja jibu la nodi. Muamala ulikuwa umeshasainiwa, kwa hiyo heshi yake, yaani alama inayoutambulisha, tulikuwa nayo. Tukaulizia risiti kwa heshi hiyo, ikarudi tupu, maana yake bado haujaingia kwenye bloku yoyote. Nikamwambia atume uleule aliousaini, asibadilishe hata herufi. Jibu likaja: -32000, tayari tunao. Baadaye kidogo risiti ikapatikana, hali 0x1. Umepita.

Angesaini mpya, wenye namba ya mfuatano inayofuata, yule mtu angelipwa mara mbili, na kwenye blokucheni hakuna dirisha la kwenda kuomba muamala urudishwe. Kutuma uleule hakuna hatari, kwa kuwa akaunti moja haiwezi kutumia namba moja ya mfuatano mara mbili. Hatari iko kwenye kuanza upya huku ukidhani unarudia.

Naamini tunaumizana sana kwa jambo hili. Mtu hajajibu ujumbe, tunamwandikia mwingine mkali zaidi, kisha tunaongeza dai jipya juu ya la kwanza, na yeye pengine alishaanza kushughulikia lile la mwanzo. Mama yangu alikuwa akidai fedha ya vitenge kwa wateja wake, na mteja akinyamaza, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, ujumbe wangu ulikufika?" Hakupandisha deni wala sauti. Aliuliza, akangoja, akauliza vilevile.

Kuna kukataliwa kwingine kunakouma zaidi: muamala unapokelewa, unaingia kwenye bloku, halafu mkataba wa kidijitali unaukataa ndani. Risiti huonyesha hali 0x0. Fedha uliyotaka kutuma inabaki kwako, lakini gesi, yaani ada ya mtandao, umeshalipa. Hapa tujigeukie sisi tunaoandika hiyo mikataba. Tangu 2018, lugha ya Solidity inamruhusu mwandishi kuambatanisha sababu kwenye sharti analoweka, mtu akataliwe huku akijua kwa nini. Bado wapo wasioandika. Wenzangu wanaponiletea mkataba niukague, sharti lisilo na sababu nalirudisha, hata kama hesabu zote ni sahihi. Kuna mtu atalilipia gesi, na hatakuwa na wa kumuuliza.