Daftari ya Mama Msafiri

Watu wengi waliohama kutoka mashariki ya Marekani kwenda Oregon, katika miaka ya 1840 na 1850, waliandika habari za safari yao. Nimesoma habari hizo kadha wa kadha, wala zote hazinipendezi sawasawa. Walioandika uzeeni, wakikumbuka ujana wao, hupenda kusimulia hatari na ushujaa. Lakini aliyeandika njiani, matope yangali mikononi, hana nafasi ya kujisifu. Na huyo ndiye nimwaminiye zaidi.

Mmoja wao ni Bibi Amelia Stewart Knight. Tarehe 9 Aprili 1853 aliondoka Iowa pamoja na mumewe na watoto wao saba, wakashika njia ya magharibi kwa magari ya kukokotwa na maksai. Toka mto Missouri mpaka Oregon ni mwendo wa maili 2,000 hivi, na maksai, siku ikiwa njema, huenda maili 15 au 20. Haya, msomaji, hesabu mwenyewe.

Habari anazoziandika ni ndogo ndogo: mvua, baridi, matandiko yaliyolowa, maji mabaya yaliyowadhuru ng'ombe, makaburi kando ya njia. Mbugani hakuna kuni, hata wasafiri huwasha mavi makavu ya nyati wapate kupika. Mtoto wake mmoja alianguka chini ya gari, nusura apondwe na magurudumu. Tena mwezi wa Agosti binti yake Lucy, mwenye miaka minane, aliketi ukingoni mwa mto akitazama magari yakivuka, nao wakaondoka bila yeye. Mama alidhani yumo katika gari la jirani. Walikuwa wamekwisha kwenda maili kadha, wakasimama kupumzisha wanyama, ndipo kundi jingine la wasafiri likatokea nyuma, na Lucy yumo. Mama alieleza jambo hilo kwa maneno machache, kisha akarudia habari za majani na maji.

Wenyeji wa nchi, waliokaa huko tangu kale, hutajwa kwa uchache, wauzapo samaki au waogopwapo. Kwao magari hayo yalileta surua na kipindupindu, na mwisho wake walinyang'anywa nchi. Habari hizo hazimo katika daftari hii. Yafaa zitafutwe kwao wenyewe.

Nilipofika ukurasa wa mwisho nilishangaa sana. Hapo, mwezi wa Septemba, anaandika kwamba siku chache baadaye alizaliwa mtoto wake wa nane. Kumbe alikuwa mja mzito tangu kabla ya kuondoka Iowa, naye katika miezi mitano asilitaje jambo lile! Wanawake wa siku zile waliona ni kukosa adabu kutaja mimba. Nikarudi mwanzo nikasoma tena, na kila mahali alipoandika kwamba ameugua, au kwamba amepanda mlima kwa miguu akiwa amebeba mtoto mdogo, nilijua sasa alikuwa amebeba wawili.

Baada ya kujifungua, walivuka mto Columbia kwa mashua na mitumbwi, kazi ya siku tatu. Ng'ambo mumewe alitoa jozi mbili za maksai akapata ekari 320, na katika hizo nusu ekari tu ndiyo iliyopandwa viazi. Palikuwa na kibanda kidogo cha magogo, kisicho na madirisha.