KUTOKA MOMBO HADI LUSHOTO: SAFARI NA UPEPO UNAOVUJA

Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi tupate kuzingatia. Miongoni mwa njia ambazo kila kijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki angefaa kuzipita, japo mara moja katika umri wake, ni ile ipandayo milima ya Usambara kutoka Mombo kwenda Lushoto. Urefu wake ni kama kilomita 33 tu, lakini katika mwendo huo mfupi msafiri hutoka katika nchi ya joto na miba, akaingia katika nchi ya ukungu na baridi.

Mombo ni mji mdogo ulio chini ya mlima, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, zama za Wadachi, ambao waliuita mji wa Lushoto kwa jina la Wilhelmstal. Tambarare yake ina mashamba ya mkonge na vichaka vya migunga. Na mwiba wa mgunga ndio uliotupa somo tunalotaka kuwaeleza wasomaji wetu.

Tulisafiri mwezi wa Julai, watu wanne juu ya pikipiki mbili. Kila asubuhi tairi la nyuma la pikipiki moja lilikutwa limelegea kidogo, na mwenzetu aliyeiendesha akalijaza upepo na kusema, "Ni kidogo tu, litatufikisha." Tulipofika Mombo, mkubwa wetu alikataa katakata kuupanda mlima kwa hali ile. Basi tukamwendea fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akifanya kazi yake chini ya mwembe. Baada ya salamu tukamweleza habari yetu. Akatabasamu, akasema:

"Wanangu, upepo haupotei wenyewe, una mlango unaotokea. Mkijaza kila siku bila ya kuutafuta mlango huo, mwamlisha mwizi."

Kisha akaanza kazi kwa taratibu, na taratibu hiyo ndiyo tunayopenda vijana waishike. Kwanza alikoroga sabuni katika maji, akafungua kifuniko cha valvu na kutia tone la povu juu yake. Povu lingalivimba, ingalijulikana kuwa sindano ya ndani imelegea, na dawa yake ni kuikaza au kuibadilisha. Halikuvimba. Pili akalizungusha gurudumu polepole akitafuta msumari au kigae. Hakuona kitu. Ndipo akalipaka povu gurudumu zima, nalo likachemka penye mashina ya spoku mbili.

Mwenzetu akadhani tundu limepatikana. Fundi akamwambia, "La, mwanangu. Hapa ndipo upepo unapotokea nje; si lazima ndipo unapovujia ndani. Tyubu ikitoboka, upepo hutambaa chini ya tairi mpaka upate upenyo."

Kabla ya kuitoa tyubu alipiga alama ya chaki juu ya tairi, mkabala wa valvu. Akaijaza upepo kiasi, akaizamisha katika karai la maji sehemu baada ya sehemu, huku akiivuta kwa vidole. Mapovu ya kwanza aliyapuuza, kwani yalikuwa ya upepo ulioshikwa na mikunjo. Akayafuta kwa mkono akangoja. Mara vikatoka viputo vidogo mno, kimoja nyuma ya kimoja, kama uzi wa shanga. Lile ndilo tundu.

Fundi mwenye haraka angalibandika kiraka hapo hapo na kupokea ujira wake. Huyu alipima kwanza kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu, akakipeleka kipimo hicho kwenye tairi kuanzia ile alama ya chaki, na akapitisha kitambaa upande wa ndani. Kitambaa kikanasa. Palikuwa na ncha ya mwiba iliyokatikia ndani ya mpira, fupi kuliko punje ya mchele, isiyoonekana kabisa kwa nje. Akaing'oa kwa koleo. Baada ya hapo ndipo alipoikausha tyubu, akaisugua kwa msasa, akapaka gundi, akaiacha ikauke kidogo, kisha akabandika kiraka.

Tulipokuwa tukimlipa alituambia, "Huku tambarare tairi likiishiwa upepo mtaangukia mchangani. Huko juu hakuna mchanga."

Maneno yake tuliyaona kwa macho. Barabara yapanda kwa kujipinda, upande mmoja jabali, upande wa pili bonde refu, na malori ya kabichi na matunda yateremka yakikupita karibu. Tuliswali Adhuhuri Soni, penye maporomoko ya maji, na jioni tukaingia Lushoto, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, tukitafuta makoti. Asubuhi tulipima tena: matairi yote yalikuwa yamepungua kidogo, kwa kiasi kimoja. Hiyo haikuwa dalili ya tundu, bali ni kazi ya baridi, kwani upepo ukipoa nguvu yake hupungua. Likipungua tairi moja peke yake, hapo ndipo pa kushika karai.

Enyi vijana wetu, hasa nyinyi mnaopakia abiria: mtu aliyekaa nyuma yako ni amana, na watoto wake wamngoja nyumbani. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba ngamia afungwe kwanza, kisha Mwenyezi Mungu ategemewe. Dua ya safari haiwi badala ya kuangalia tairi.

Na katika nyumba zetu pia mna upepo unaovuja polepole: sala inayocheleweshwa, deni lisilotajwa, neno lililomchoma mke au ndugu. Twajaza kwa zawadi na maneno matamu, na kesho twakuta pamelegea tena. Tuutafute mwiba wenyewe tuung'oe, kisha ndipo tubandike kiraka. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika hilo, na awafikishe wasafiri wetu kwa salama. Amin.