Binti kamaliza fildi manispaa, mama anauliza ataanza lini

Julai ikifika, ofisi za serikali jijini Dar es Salaam hujaa vijana wenye mafaili ya plastiki na mashati yaliyonyooshwa pasi mpaka yakakaa kama karatasi. Ni wanafunzi wa vyuo waliokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Jiji lina halmashauri tano: manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na Halmashauri ya Jiji iliyochukua eneo la Ilala mwaka 2021. Vitengo vyao vya TEHAMA vina meza chache kuliko barua za maombi zinazopelekwa masjala.

Binti mmoja wa Chamazi, mwaka wa pili shahada ya kompyuta, alipata meza katika mojawapo kwa wiki nane. Mama yake, anayeuza vitumbua na chai kibarazani, aliwatangazia majirani kwamba mtoto "ameingia manispaa". Neno hilo ndilo lililoleta shida baadaye.

Fildi haina mshahara. Wanafunzi wenye mkopo wa Bodi hupata fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini huyu hana mkopo, anasomeshwa na vitumbua. Mama alikaa na kalamu. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na sahani ya wali maharage mchana, jumla shilingi 4,500 kwa siku. Ukitoa Sabasaba na Nanenane zilizoangukia siku za kazi, zinabaki siku 38. Shilingi 171,000. Fedha ilikuwepo, kwa kuwa zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika, ila ilishapangwa iongezewe kwenye friza la kuuzia maji baridi na barafu. Friza likasubiri.

Wiki ya kwanza binti alirudi nyumbani na wino vidoleni. Alitegemea kuandika programu, akapewa brashi na kitambaa asafishe printa. "Ndiyo kompyuta yenyewe hiyo?" mama akauliza. Wiki ya pili alivuta nyaya na kuwarudishia watumishi nywila walizosahau, wengine mara mbili kwa siku moja.

Wiki ya nne akapelekwa dirisha la wakusanya ushuru. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontrol namba. Mkusanyaji wa sokoni anatembea na mashine ya POS, anatoa risiti, kisha fedha anaipeleka benki au kwa wakala kwa namba hiyo. Asipoipeleka, mfumo unamhesabu mdaiwa, na kudaiwa fedha ya umma si jambo la kulala nalo.

Siku moja akaja mzee mmoja, jasho linamtoka. Mfumo ulisema anadaiwa makusanyo ya siku nzima, naye alikuwa na risiti ya benki mkononi. Binti alimwamkia, akampa kiti, akapanga karatasi zake zote mezani moja baada ya nyingine. Makusanyo yalikuwa ya siku moja lakini namba zilikuwa mbili: mzee aliomba ya kwanza, mtandao ukasuasua, akaomba nyingine. Alilipa moja, na ile ya pili ikabaki wazi kama deni. Msimamizi akahakiki, mhasibu akaifuta. Mzee aliondoka akimwita binti wa miaka ishirini na moja "mwalimu".

Kesho yake binti aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha sokoni: kabla hujaomba namba mpya, angalia kwanza kama ya jana imelipwa. Msimamizi aliuchapa na kuubandika dirishani. Hauna jina la mtu.

Ijumaa ya mwisho watumishi walinunua soda. Fomu ya tathmini ilitiwa kwenye bahasha na kugongwa muhuri, kitambulisho kikarudishwa, na akaunti yake ikafungwa yeye mwenyewe akiwa anaangalia. Msimamizi alimwambia kwamba akaunti inayogusa mapato haiachwi wazi hata usiku mmoja baada ya mtu kuondoka. Lilimchoma kidogo, ingawa ndiyo kazi ilivyo.

Nyumbani mama alikuwa amepika pilau. "Haya, wamekwambia unaanza lini?"

Binti alieleza. Manispaa haimchukui mtu kwa kumpenda; nafasi za kudumu hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, watu wanaomba kwenye mtandao na kuitwa usaili kwa wingi. Tena yeye hata hajahitimu. Baba mdogo, aliyekuja kwa ajili ya pilau, akasema basi mtoto kafanyishwa kazi bure miezi miwili. Mama alinyamaza.

Mazungumzo haya yako katika nyumba nyingi, na karibu kote yanafanyika siku ya mwisho badala ya siku ya kwanza. Kijana anajua tangu mwanzo kwamba fildi si ajira, hasemi kwa kuogopa nauli itakatwa. Mzazi naye haulizi, maana hataki kujibiwa.

Baba mdogo alipoondoka, mama aliomba aletewe kile kitabu cha kuandika kazi za kila siku. Kimejazwa kwa Kiingereza, ndivyo chuo kinavyotaka, kwa hiyo binti akawa anamsomea kwa Kiswahili.

"Siku ya tatu: kusafisha printa sita."

"Elfu nne na mia tano," mama akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka. "Endelea."

Kwenye siku ya mzee wa ushuru alimsimamisha, akataka asimuliwe yote, mpaka rangi ya zile risiti. Kisha akauliza kama ile karatasi bado ipo dirishani. Ipo, binti akajibu, aliiona asubuhi ile ile.

Walipofika siku ya 38 ilikuwa imetimia saa tano usiku, na mchele wa vitumbua vya kesho ulikuwa haujalowekwa.