Mkoba wangu ulikuwa mzito kuliko wake

Wengi mmeniuliza mimi na mke wangu tulizungukaje miezi minne bila paspoti. Rahisi: tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Basi 2015 tukapanda matatu hapa Kenol hadi Nairobi, mikoba mgongoni, kisha basi la usiku kupitia Busia mpaka Kampala.

Mkoba wake ulikuwa na nguo. Wangu ulikuwa na laptopu, chaja, modemu na diski mbili. Laptopu niliifunga kwa mifuko ya plastiki. Mpakani Gatuna wakaichukua yote, maana Rwanda iliipiga marufuku 2008 (sisi tukafuata 2017).

Tulipofika Kigali, seva ya mteja ikaanguka. "Nipe siku mbili tu," nikamwambia. Zikawa tisa. Akapanda basi peke yake hadi Gisenyi, akaliona Ziwa Kivu bila mimi. Aliporudi hakunigombeza. Alinionyesha picha, akalala. Afadhali angegomba.

Desemba tunaondoka tena, Gisenyi kwanza. Laptopu inabaki Kenol kwa mama mkwe. Msinitumie hitilafu zozote.