Baba Jikoni kwa Karen Blixen

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baba alikuja Nairobi kutoka kwetu Vanga, pwani ya kusini, kutibiwa macho. Kabla hajarudi nilimpeleka kwenye nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, upande wa milima ya Ngong. Ujana wake wote alikuwa mpishi wa Wazungu, nami nilitaka aione nyumba ya zama zile ingali imesimama.

Ni nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912. Blixen na mumewe waliichukua 1917, wakalima kahawa mahali palipo juu mno, isizae vyema. 1931 shamba likawa limeuzwa, naye Karen akarudi kwao Denmark. Baada ya uhuru serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo, na makumbusho yakafunguliwa 1986, wakati filamu ya maisha yake ilikuwa ndiyo kwanza imevuma.

Kijana aliyetutembeza alieleza vitabu, samani, ngozi za wanyama. Baba alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, asiulize neno hadi tulipofika jikoni, ambako kulikuwa na jiko la chuma la kuni. Akainama mbele ya tanuri, akanyoosha mkono kana kwamba moto unawaka.

"Unahesabu," akaniambia. "Ukifika kumi mkono ungali ndani, tia kuni. Ukishindwa kufika tano, mkate utaungua juu, ndani mbichi."

Kisha akamgeukia kijana. "Mpishi wa hapa aliitwa nani?"

"Kamante, mzee." Akatusimulia: mtoto wa Kikuyu mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa, akafunzwa upishi, hata mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kula hapa 1928, chakula kilitoka mikononi mwake.

Baba alifurahi kupita kiasi. Alikofanya kazi yeye aliitwa boi, na huku nyumbani ana watoto watano. Hapa mpishi alikuwa na jina, na wageni wakitajiwa. Kwangu hilo lilizidi samani zote za sebuleni.

Njiani, ndani ya matatu, alinitajia wapishi na madobi wa Vanga, Jimbo na Majoreni waliotawanyika hadi Nakuru na Kitale. Nani alikuwa bingwa wa keki. Nani alikaanga nyama ya nguruwe kila asubuhi miaka nenda miaka rudi, asiionje hata siku moja.

"Na chumvi alijuaje, baba?"

"Kwa pua, mwanangu. Na sahani zilirudi tupu."