Mtoto akiuliza kuhusu dinosauri, anzia Katavi

Kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike ni mwendo wa kilometa 35 hivi kuelekea kusini. Hapo ndipo familia nyingi huingilia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kitu cha kwanza ambacho watoto hutaka kukiona ni viboko wa Mto Katuma. Kiangazi kikikolea, maji hupungua na viboko hurundikana kwenye madimbwi ya tope, mgongo kwa mgongo.

Mbele ya miili mikubwa namna ile, mtoto aliyezoea katuni huuliza: "Dinosauri nao walikuwa hivi?" Wazazi wengi humjibu kwamba dinosauri ni wa kwenye filamu, au ni wa Marekani. Jibu hilo linamnyima mtoto kilicho chake. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, ardhi ambayo leo ni Tanzania ilikuwa na dinosauri mla majani mwenye mabamba na miiba mwilini. Anaitwa Kentrosaurus.

Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, upande wa pili wa nchi. Hata hivyo, mwili wake unaelezeka vizuri kwa kutumia wanyama wa Katavi.

Anza na mamba, ambao wakati wa kiangazi hujificha kwenye mashimo ya kingo za mto. Yale magamba magumu ya mgongoni yana mifupa iliyoota ndani ya ngozi. Silaha za Kentrosaurus ziliota kwa namna hiyohiyo. Shingoni na mabegani alikuwa na mabamba yaliyosimama wima, na kuanzia katikati ya mgongo yaligeuka kuwa miiba mirefu, jozi kwa jozi, hadi ncha ya mkia.

Mkipishana na kobe njiani, mwonyeshe mtoto tofauti. Gamba la kobe limeungana na mbavu na uti wa mgongo, hivyo hawezi kulivua. Mabamba ya Kentrosaurus yalishikiliwa na ngozi tu, hayakuungana na uti wa mgongo. Ndiyo maana mkia wake, wenye pingili zipatazo 40, ulibaki mwepesi kupinda. Adui akimsogelea kwa nyuma, aliweza kuuchapa kushoto na kulia pamoja na miiba yake.

Kisha rudi kwa kiboko. Usiku mmoja anaweza kula kilo 40 hivi za nyasi. Kentrosaurus naye aliishi kwa majani, lakini hakuwahi kuonja nyasi, kwa sababu enzi zake hazikuwepo duniani. Alikula mimea ya chini isiyochanua maua, kama kangaga. Kichwa chake kilikuwa kidogo, chenye mdomo mgumu mithili ya wa kobe na meno madogo. Miguu ya nyuma ilikuwa mirefu kuliko ya mbele, hivyo kichwa kilikaa karibu na chakula.

Mtoto atauliza nani aliyeyajua haya. Kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, wanasayansi kutoka Berlin walichimba Tendaguru wakiwa na mamia ya vibarua Waafrika. Msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa porini, hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1915 Edwin Hennig alimpa mnyama huyo jina lake, na mifupa yake ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Mjadala wa kuirudisha mifupa ya Tendaguru nyumbani haujaisha.

Karibu zaidi na Katavi, katika Bonde la Ufa la Rukwa, watafiti wamepata dinosauri wengine wala majani, wenye shingo ndefu lakini wasio na miiba. Mmoja alitangazwa mwaka 2017 kwa jina la Kiswahili: Shingopana.

Mzazi, ukipanga safari hiyo, wavalishe watoto nguo za mikono mirefu zenye rangi hafifu. Mbung'o wa Katavi huvutwa na bluu na nyeusi, na wanaweza kueneza ugonjwa wa malale. Msishuke garini mahali ambapo mhifadhi hajaruhusu. Kiboko hula majani, lakini huua watu.

Mkirudi nyumbani, chora mstari wa meta nne na nusu uani. Huo ndio urefu wa Kentrosaurus, kichwa hadi mkia. Mwache mtoto alale chini pembeni yake, aone yeye anafika wapi.